Ng'ombe Aliyenitangulia Ukweni

Mwanangu, nakumbuka siku ambayo ng'ombe wa mahari alifika ukweni kabla yangu. Usicheke kwanza, ngoja nimalize.

Nilikuwa nimerudi kwetu Karuba baada ya miaka minne ya kuponda mawe kwenye mashimo ya madini kule Walikale. Tulikuwa tunauponda mwamba mkavu shimoni, na vumbi linajaa mle ndani hadi humwoni mwenzako, unamsikia tu akikohoa. Akina mama waliokuwa wakiosha madini mtoni walituambia tuyamwagie mawe maji kwanza. Sisi tukasema maji yanachelewesha kazi. Na kufunika pua? Hayo tuliwaachia waoga.

Tulikuwa na dawa yetu, maziwa. Mimi na rafiki yangu Bahati tuliamini kwamba kikombe kimoja kila jioni kinasukuma vumbi lote chini, unaamka kifua kimeoshwa. Nilikunywa kwa bidii ambayo ndama wangeionea wivu. Kikohozi hakikupungua, nikaongeza kikombe cha pili.

Basi ikafika siku ya kupeleka ng'ombe kwa kina Furaha, mchumba wangu, huko juu kilimani. Kwetu bwana harusi hubaki nyumbani, lakini mimi nilikuwa na koti jipya na nilitaka lionekane. Mjomba wangu, mzee wa mvi kichwa kizima, alitangulia ameshika kamba ya ng'ombe. Kwenye kona ya kwanza nilisimama, nikainama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Kona ya pili nikafunga tena. Kona ya tatu nikakumbuka kwamba viatu vyangu havikuwa na kamba. Wakati huo mjomba na ng'ombe hawakuonekana tena.

Nilipofika, ng'ombe alikuwa ameshapigiwa vigelegele na anatafuna majani. Mimi niling'ang'ania mti wa uzio, nahema, hata salamu imenishinda. Niliogopa sana, mwanangu. Niliona Furaha ananiponyoka mbele ya macho yangu.

Mama yake alinitazama toka juu mpaka chini. "Huyu njo bwana? Mbona ng'ombe iko na pumzi kumupita?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba yake Furaha, aliyekuwa muuguzi katika kituo cha afya, hakucheka.

"Ulikuwa unatumika kazi fasi gani?"

"Mu shimo, Papa. Lakini ninakunywaka maziwa kila siku."

"Maziwa inaendaka mu tumbo, mutoto yangu. Vumbi ya majiwe inaingia mu mapafu, na kule haina mulango ya kutokea. Inaacha makovu, mapafu inakuwa ngumu, na hakuna dawa ya kuyarudisha. Chagua: shimo ao Furaha. Ukichagua shimo, rudia na ng'ombe yako, kama utaweza kuifata."

Nilimchagua Furaha, na sijajuta hata siku moja. Kesho yake mkwe alinipima kifua kikuu, maana ugonjwa huo hupenda mapafu yaliyokwisha kuchoshwa na vumbi. Sikuwa nao. Bahati alirudi shimoni, akinitania kwamba nimefukuzwa kazi na ng'ombe.

Leo Bahati hawezi kumaliza kikombe cha maziwa bila kupumzika katikati. Naumia nikimwona, kwa sababu tulikuwa tunakunywa pamoja na kudanganyana pamoja. Mimi mwenyewe bado nasimama kwenye kona ya tatu, na siku hizi sijifanyi nafunga kitu.

Jana uliniambia unawafuata wenzako shimoni. Ningependa ubaki tulime maharagwe. Lakini kama ni lazima uende, lowesha mwamba kabla ya kuupiga. Tafuta barakoa ya kweli ya kuzuia vumbi, kitambaa kitupu hakitoshi, na usikae mahali ambapo hewa haipiti. Ukianza kuhema kwa kazi ndogo, toka siku hiyo hiyo uende ukapimwe, usingoje kilima kikutangaze mbele ya watu. Maziwa kunywa, ni matamu, lakini yatashibisha tumbo tu.

Haya, inama nikuwekee mkono kichwani. Mungu akupe siku nyingi, na pumzi ya kuzitumia zote. Akupe mke mwema. Na siku utakayopanda kwa wakwe zako, ng'ombe akukute umeshakaa.