Jina la Mama Soa Kwenye Ombi la Kisima

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliposimama mbele ya wakazi wa Belobaka nikatamani ardhi inimeze. Bendera ya uhuru ilikuwa bado mpya, nami mgeni pale: bi harusi kutoka kisiwa cha Nosy Be, mwenye Kifaransa cha shule na mdomo wa kukitangaza.

Nyumba yetu ilipakana na ya Mama Soa, mjane wa Kisakalava mwenye watoto watano. Maji sote tuliyafuata bondeni, ndoo kichwani, asubuhi na jioni. Tukakubaliana tuchimbe kisima mpakani, nusu kwake, nusu kwetu. Lakini ilitakiwa idhini ya mkutano wa wakazi, na ombi liandikwe. Nani wa kuandika kama si mimi? Nikaandika kwa Kifaransa, kwa mwandiko wa kupendeza, na chini nikaweka jina la mume wangu peke yake. Wallahi sikukusudia dhuluma. Nilidhani tu kwamba nyumba yenye kalamu ndiyo yenye shughuli.

Mkuu wa mtaa alilisoma, akilifasiri kwa Kimalagasi. Alipomaliza akauliza, "Kisima cha nyumba moja, kwenye ardhi ya nyumba mbili?"

 Mama Soa alijifunga leso yake vizuri, akaondoka. Ombi likakataliwa palepale.

Mama mkwe wangu, Mngazija wa maneno machache, alinipokea mlangoni. "Umemnyima mwenzio maji, na jembe halijagusa udongo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, binti yangu."

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Kesho yake nikaenda kwa Mama Soa, nikakaa chini kando ya ungo wake. "Azafady," niwie radhi, nikamwambia kwa lugha yake, "nimekukosea." Aliendelea kuchambua mchele.

"Kusoma sijui," akasema mwishowe, "ila jina langu nikilisikia nalijua. Andika ombi jingine hapa hapa, kisha unisomee."

Basi akanitajia maneno, nami nikaandika, jina lake kando ya la mume wangu. Asijenge mtu ukuta kukizunguka kisima. Na nyumba ikiuzwa, anunuaye arithi na ushirika wa kisima. Hilo la pili, mwanangu, shule yangu yote haikuniwazisha!

Safari hii tulisimama pamoja mbele ya mkutano: yeye alisema, mimi nikasoma. Alibonyeza dole gumba la wino kwa nguvu hata karatasi nusura itoboke. Mikono yote ikanyanyuliwa. Nimezaa, nimelea, nimezika; lakini fahari niliyoiona siku ile, kutembea barabarani bega kwa bega na Mama Soa na idhini yetu mkononi, sijapata mfano wake.

Kwa hiyo sikiliza. Jambo la wawili usiliombee kwa jina la mmoja, hata kama huyo mmoja ndiye anayejua kusema. Ukikosea, nenda mwenyewe, nenda mapema, wala usitume mtu. Na elimu uliyopewa, wasomee nayo wasioijua.

Mungu akujaalie majirani wasioogopa kukusahihisha, akupe na shingo laini ya kuwasikia. Amin.