Vannary na mabunda yaliyokosa wafu

Saa kumi na mbili asubuhi, Ouk Vannary anapangusa kabati lake la kioo la kubadilishia fedha nje ya soko, mjini Battambang, kisha anampigia simu mfanyabiashara wa jumla aliyeko mji mkuu, Phnom Penh. Anasikiliza, anaguna, anafuta bei ya jana ubaoni. Leo dola ananunua kwa riel 4,090, fedha ya nchi, na kuuza kwa 4,100.

"Hizo kumi za katikati zimesomesha wanangu watatu," anasema. "Siku hizi zinaninunulia uji tu."

Ana miaka hamsini na tisa, na mgongo umechoshwa na kigoda. Soko la fedha hakulisomea. Anajua tu kwamba fedha inayotafutwa na wengi hupanda, na inayokimbiwa hushuka.

Kila mwaka riel hutafutwa wakati wa Pchum Ben, siku za kuwalisha wafu. Watu huvunja dola wapate noti ndogo mpya za kutoa sadaka hekaluni. Kwa hiyo miezi miwili iliyopita, dola ikiwa riel 4,060, Vannary alichota dola 1,100 kutoka mtaji wake wa 3,000, akanunua mabunda ya noti ndogo. Amefanya hivyo miaka ishirini bila kujuta.

Mwaka huu amejuta. Hekalu limebandika karatasi za kuskani kwa simu, na sadaka inatumwa bila noti. Sikukuu imekwisha jana, riel imelegea, na zaidi ya nusu ya mabunda yamebaki kabatini. Dola zikizidi kupungua hawezi kuhudumia wateja, na bila wateja kabati halina kazi.

"Shangazi, hata wafu wamefungua akaunti!" anamchokoza Sophon, muuza tambi wa jirani. "Umebaki wewe tu."

"Nyamaza. Ukifa nitakutumia sadaka ya simu, tuone kama utashiba."

Saa tatu anafika mzee Thon, mtunza sadaka wa hekalu, na kifuko begani. Kama kila mwaka, anataka sadaka igeuzwe dola za kuezekea paa.

"Dada, mwaka huu ni kidogo. Milioni moja na laki mbili."

"Kaka, riel zimenifika puani."

"Basi niende benki?"

Vannary anajikuna shingo. Akienda benki leo, mzee huyu hatarudi tena.

"Lete," anasema, na dola karibu mia tatu zinatoka kabatini.

Thon akishaondoka, anakiri kwamba amechoka, amechoka kweli. Atangoja Mwaka Mpya wa jadi, mwezi Aprili, riel itafutwe tena. Mabunda yakitoka, atastaafu.

Na yasipotoka?

"Pchum Ben ijayo nafunga kabati, nayapeleka hekaluni mwenyewe. Miaka yote nimewauzia watu noti za wafu wao, wangu sijawapelekea hata moja, maana ndio ulikuwa msimu wa biashara." Anafuta kioo ambacho tayari ni safi. "Mama alikufa kwa njaa mwaka 1978. Bado hajala."