Doktora yangu imeniletea vita na baba mukwe

Ndugu zangu, nilishinda zawadi ya kazi bora ya doktora, na leo baba mukwe karibu anikane mbele ya watu.

Munajua kazi yangu: nilichukua lugha nyingi, nikazilinganisha namna zinavyojengwa. Kibangubangu ya mama iko ndani. Kizimba ya baba mukwe iko ndani.

Leo mchana mama akaita watu kwake hapa Kasongo, wakule wali na kuku. Akasimama na diplome, karatasi ya ile zawadi, mukononi:

"Walipima lugha zote. Kibangubangu ikatoka ya kwanza!"

Vigelegele! Na mimi, mutu wa doktora, nikapiga makofi pamoja nao. (Wewe ungemukatiza mama yako?)

Baba mukwe akaweka kijiko chini.

"Wee mutoto, ulikuja kwangu na simu yako, nikakutolea maneno asubuhi mpaka mangaribi. Nikakuchinjia mbuzi. Leo unatuweka ya pili?"

Nikaeleza mbio mbio: hakuna ya kwanza, hakuna ya mwisho, wenye kutoa zawadi walipima kazi yangu tu.

Mama akaniangalia kama mutu mwenye amemwaga sufuria ya wageni.

Baba mukwe akacheka, akarudilia kuku yake. "Basi ni egalite, tuko sawasawa."

Nikamusindikiza mpaka kwenye pikipiki. Akaniinamia sikioni:

"Kati yetu wawili tu. Kizimba ndiyo ya kwanza, si vile?"

"Ndiyo, baba."

Sasa mujue kwa nini mama alisimama na ile diplome. Asubuhi aliniuliza vile vile.

Nilimujibu vile vile.

Musinitukane bado. Munitafutie kwanza pa kulala, kesho hao wawili wanakutana sokoni.