Pembe Haziachwi

Mama yake Pembe alikuwa mwoga, na nasema hivyo kwa heshima zote. Alikuwa fundi cherehani, mitaa miwili kutoka kwenye dobi letu, na kila mchana alitafuta kisingizio cha kupita dirishani kwetu: mara anauliza saa, mara amedondosha kifungo. Kifungo gani kinadondoka mitaa miwili kutoka kwenye cherehani? Tulijua anamchungulia mwanawe. Mwanawe naye alijua, akawa anampungia mkono kwa furaha.

Huyo mwanawe ndiye tuliyemwita Pembe. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mabega kama kabati, na akili iliyokwenda polepole tangu kuzaliwa. Ungemwambia jambo leo, kesho usilikute kichwani mwake. Lakini lile lililoshika, lilishika, hata umng'oe meno hatoi.

Alikuja kwetu na mwalimu wake wa kazi, mwanamke mwembamba kutoka chuo cha ufundi cha vijana wenye ulemavu. Mwalimu huyo hakuwa mtu wa ubao na chaki. Alisimama naye kwenye meza yetu, katikati ya mvuke na kelele za mashine, wakakunja mashuka ya hospitali pamoja. Shuka kubwa linataka watu wawili. Kila mtu anashika pembe zake mbili, mnalivuta likaze, mnakutana katikati, mnarudi. Mwenzako akisogea, nawe unasogea, maana shuka likilegea linagusa sakafu, na likigusa sakafu linarudi kufuliwa. "Pembe haziachwi," mwalimu alimwambia. Kijana akalirudia neno hilo kwa kila shuka, nasi tukapata jina la kumwita.

Baadaye mwalimu akaanza kujiondoa kidogo kidogo. Kwanza alinikabidhi mimi upande wake wa shuka. Halafu akawa anakaa mlangoni. Mwisho akawa anakuja Jumatatu tu.

"Akinitegemea mimi, siku nisipokuwepo hana kazi," aliniambia.

"Sasa kwa nini mimi? Mimi mpiga pasi, mwalimu, sio yaya."

"Kwa sababu unamtania kama unavyowatania wengine."

Nikakubali, huku nikinung'unika.

Lakini niliogopa, sifichi. Dobi ni mahali pa moto, na mwenye dobi alishasema wazi kwamba kijana yuko kwenye majaribio: akiumia au akimuumiza mtu, safari imeishia hapo. Kila Pembe alipopita karibu na pasi ya mvuke, nilimvuta shati arudi nyuma. Usiku nilikuwa naota vidole vyake.

Jioni moja mama alipokuja kumchukua, alinivuta pembeni.

"Unaniona mwehu, dada, na dirisha lenu."

"Hapana, mama. Labda kidogo."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akanisimulia jinsi mwanawe alivyompotea sokoni akiwa mdogo. Alimtafuta kutwa nzima, akamkuta chini ya meza ya muuza viatu, amekauka kwa kulia. "Tangu siku hiyo nikamfundisha: ukijikuta peke yako, usisogee. Kaa hapo hapo mpaka nije. Na mimi huja, dada. Sijawahi kukosa." Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nilimwambia amefanya vizuri, na kweli niliona hivyo.

Siku ya moto nilikuwa uani naanua mashuka. Mashine ya kukaushia ilikuwa imejaa vumbi la nyuzi, likashika moto. Nilisikia mfuaji akipiga kelele, kengele ikalia, watu wakatoka mbio kwa mlango wa mbele. Nami nikazunguka nje, nikawakuta barabarani, tunatazamana nyuso.

"Pembe yuko wapi?" nikauliza.

"Nilimwita!" mfuaji akasema. "Nilijua ananifuata nyuma."

Pembe alifundishwa kengele, tena mara nyingi. Ikilia, tunatoka. Lakini katika mazoezi yote mwalimu alikuwa ubavuni mwake. Hakuna aliyewahi kumfanyisha mazoezi ya kuachwa. Nikakumbuka soko. Nikakumbuka meza ya viatu.

Watu baadaye walinipamba kwa ujasiri ambao sikuwa nao. Ukweli ni kwamba nilisimama pale nikiomba mtu mwingine aingie, na kila mtu alikuwa akiomba hivyo hivyo. Niliingia kwa sababu mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba hatatoka.

Moshi ulikuwa umeshuka hadi usawa wa kifua. Nilimkuta mezani, anakohoa, macho yanachuruzika, pembe mbili za shuka mkononi. Upande wa pili wa shuka ulikuwa juu ya meza.

"Pembe, twende!"

"Mama hajaja."

"Mama yuko nje, anakusubiri!"

"Aje."

Nikamvuta mkono. Ilikuwa kama kuvuta ukuta. Akaanza kulia, lakini miguu haikusogea hata kidogo. Nyuma yetu kitu kikapasuka kwa kishindo. Nikaona kabisa kwamba tunakufa, mimi na yeye, naye atakuwa amekufa kwa utii.

Sijui wazo lilitoka wapi. Nilinyakua pembe mbili zilizobaki mezani, nikavuta shuka likakaza. Akanitazama. Nikapiga hatua moja kinyumenyume. Shuka likavutika, mikono yake ikainuka yenyewe.

"Pembe haziachwi," nikasema, nikikohoa.

"Haziachwi," akajibu, na akapiga hatua.

Tukaenda hivyo hivyo, mimi kinyumenyume, najigonga kwenye vikapu, sioni ninakoelekea, naona uso wake tu. Nilikuwa naogopa kujikwaa kuliko nilivyouogopa moto, maana nikianguka shuka lingelegea, na likilegea angesimama. Tulipita mlangoni. Tukashuka ngazi. Barabarani watu wakamdaka, naye hakuliachia shuka lake.

Mama alifika mbio, futi ya kupimia nguo shingoni, mguu mmoja hauna kiatu. Pembe alipomwona akainamisha kichwa.

"Mama, nilisogea. Nisamehe."

Yule mama alikaa chini barabarani, pale pale kwenye maji ya zimamoto. "Ningemuua," akasema. "Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu." Alipoinuka akamshika mkono, akatuambia kijana hatarudi tena kazini. Hakuna aliyembishia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Mwenye dobi alipofungua tena, alinipa mtu mwingine wa kukunja naye, hodari, mwepesi. Nilimchukia bila sababu. Mwalimu alipita, nikamwuliza kama Pembe atarudi. Akasema ameongea na mama mpaka maneno yamemwishia, na sasa kilichobaki ni cha mama mwenyewe.

Asubuhi moja mama akaingia, safari hii kwa mlango, amemshika mwanawe mkono. Macho yake yalikuwa yamevimba. Akamsimamisha mbele yangu.

"Mwambie dada nilichokufundisha."

"Nikiwa peke yangu kwenye hatari, nisikae. Nitoke," Pembe akasema.

"Halafu?"

"Nimfuate dada, au mtu wa kazini."

"Mpaka lini?"

Pembe akafikiri. "Mpaka uje."

Mama akatikisa kichwa. Akamshika mashavu kwa mikono miwili, na ilibidi anyooshe mikono sana kumfikia.

"Hata nisipokuja, mwanangu."

"Hata usipokuja?"

"Hata nisipokuja."

Pembe akaja mezani, akachukua pembe zake mbili. Niliona lile neno limeshashika. Akawa analirudia kwa kila shuka, kwa sauti ya juu, kwa furaha ya mtu aliyerudi kazini: "Hata mama asipokuja! Hata mama asipokuja!"

Mama yake alikuwa bado amesimama nje ya dirisha. Sikuweza kumtazama. Nilishika pembe zangu, nikavuta.