Tangi Lililokufa kwa Usafi

Siku ile mgeni mkubwa alipongojea chai isiyochemka, mwanangu, naikumbuka vizuri kuliko harusi yangu. Na kila nikiikumbuka nachoka upya, kwa sababu juzi tu nimewasikia vijana wakibishana maneno yale yale, kana kwamba dunia imeumbwa jana.

Nilikuwa msichana wa Kitui, nimepangiwa kazi ya kukagua nyama katika mji mdogo kati ya Garissa na Modogashe. Jina la mji nitaliacha, waliokuwapo wanajua. Huko kila anayegusa mnyama huitwa daktari, basi nami nikawa Daktari, ingawa kazi yangu ilikuwa kupasua maini na kutafuta minyoo.

Nyuma ya machinjio kulichimbwa tangi la gesi. Damu, taka za matumbo na maji ya kuoshea sakafu vyote viliingia humo, vikaoza gizani, na gesi ikapita kwenye bomba hadi jikoni kwa akina mama wanaouza chai na maziwa ya ngamia. Uji mzito uliobaki ulimwagwa shambani, na nyasi zikaota mahali ambapo hata mwiba ulikuwa umekata tamaa. Wewe unayeziba pua, ngoja kwanza. Kabla ya tangi lile, akina mama walikuwa wakifuata kuni mbali sana. Hooyo Habiba, yaani Mama Habiba kwa Kisomali, mkubwa wao, alianguka na mzigo huko porini, bega likavunjika, na mkono wake haukunyooka tena. Kwake yeye gesi ile haikuwa jambo la kupigia picha.

Mwenyekiti wa kamati ya tangi alikuwa kijana, Bishar, aliyekuwa amerudi nyumbani kutoka chuo cha Nairobi. Mzuri wa sura, mwepesi wa maneno, viatu vinang'aa hata kwenye vumbi la kiangazi. Tulipoambiwa mgeni kutoka serikalini anakuja kuona mtambo, Bishar alishikwa na homa ya usafi. Akanunua dawa kali ya kuua vijidudu, majerikeni kwa majerikeni, akaamuru sakafu ioshwe asubuhi na jioni wiki nzima.

Nilimwambia. Mwanangu, nilimwambia mpaka ulimi ukakauka. "Bishar, ndani ya tangi kuna vijidudu vinavyotupikia. Ukivimwagia dawa, umeua mpishi."

Akacheka. "Wacha presha, Daktari. Mgeni atapokewa na harufu hii kweli? Kila kitu iko fiti."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini ajabu ya dunia ni kwamba guu linalovunjika mara nyingi huwa la mtu mwingine. Moto wa jikoni ulianza kufifia siku baada ya siku. Mgeni alipofika, akakaa kivulini na watu wake, tukaweka sufuria, na mwali ukanong'ona kidogo kama mgonjwa anayeaga, ukazima. Bishar akawasha tena. Ukazima. Mgeni akatabasamu kwa adabu, akanywa soda ya moto, akaondoka. Maziwa yaliyokuwa hayajachemshwa yakaganda siku ile ile.

Halafu ndipo wazimu ulipoanza. Kamati ikakaa. Ikakaa tena. Huyu akasema bomba ni bovu, yule akasema si alituambia tangu mwanzo kwamba mavi hayapiki chai. Hakuna aliyekwenda hata kulichungulia tangi. Wakati huo akina mama walikuwa wamerudi kwenye kuni, na Hooyo Habiba na mkono wake ule akawa wa kwanza kufunga kamba kiunoni.

Siku moja nikalipuka. Katikati ya kikao, mbele ya wazee, nilimsema Bishar neno baada ya neno, viatu vyake, chuo chake, ukoo wake karibu niuguse. Nilikuwa na haki, na nilijua nina haki, na hiyo ndiyo hasira tamu kuliko zote. Hooyo Habiba alikuwa anapita na mzigo wake. Akautua chini, akasimama mlangoni, akaningoja nivute pumzi.

"Daktari, wewe umemaliza?"

Nikaketi.

"Hii hasira yako inachemsha chai?" Kisha akamgeukia Bishar. "Na wewe, mtoto wa ndugu yangu. Nyama ya mbuzi umekula, tumbo yake unaonea haya? Wallahi, nyinyi wawili mmenichosha kuliko hii kuni. Haya, oneni jembe. Mahali ya kuanza ni wapi?"

Mwanangu, kikao kiliishia pale. Tuliinuka tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Tulifungua tangi, tukaliacha wazi hewa mbaya iishe, na hatukumruhusu mtu kuingia ndani. Tulichota kutoka juu kwa ndoo na kamba, uozo ule wenye dawa tukaufukia mbali na shamba. Bishar alianza na viatu, akamaliza pekupeku. Alitapika mara moja, akajifuta, akarudi kwenye kamba. Siku hiyo nilianza kumheshimu. Tukachimba mfereji wa pili ili maji ya dawa yawe na shimo lake na yasionane tena na tangi. Kisha Bishar akaenda kisimani kuomba kwa wachungaji mavi mabichi ya ng'ombe, yenye vijidudu vipya vya kutupikia, wakamcheka hadi machozi, na bado wakampa.

Tukangoja. Gesi ya kwanza haikushika moto. Wale wa "si nilisema" wakasema tena. Tukaitoa, tukalisha tangi, tukangoja zaidi, mpaka alasiri moja Bishar akaja mbio ofisini kwangu, akanivuta mkono. Jikoni mwali ulikuwa wa bluu, umetulia, unavuma. Hooyo Habiba alikuwa amekwisha kuweka sufuria, wala hakutugeukia. "Leteni sukari," akasema.

Kiangazi kilichofuata kiliua mifugo hadi upande wa Bura. Mbuzi wa akina mama wale walikula nyasi za shamba letu, wakafika mvua wakiwa hai.

Sasa nikiwaona nyinyi mmesimama juu ya mtaro wa maji machafu, simu mkononi, mnarekodi na kuuliza nani alaumiwe, natamani kurusha kiatu. Nasaha yangu ni hii. Uchafu uliotoka kwenye sahani yako ni mali yako. Usiutupe mtoni ukamwachia mwenzako. Maji yaliyoogewa yana kazi nyingine mbele yake, na tumbo la mbuzi lina moto ndani. Usilipake jambo marashi hadi likafa. Ukikosea, acha kikao, shika ndoo. Na ukiwa na haki kama nilivyokuwa nayo mimi, basi iwe haki yenye mikono. Haki ya mdomo haijapata kuivisha hata yai.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe pua yenye subira, mgongo usioona haya kuinama, na jiko lisilolala baridi. Na akufikishe mvua, wewe na wote unaowalisha. Amina.