Eutiko, Mwigizaji wa Maiti Aliyeitwa na Mtu Hai

Saa moja asubuhi, Eutiko amesimama mbele ya jeneza katika mtaa wa Subura, Roma, akijifunga kinyago cha nta chenye sura ya marehemu. Anakohoa kidogo. Waombolezaji wanageuka kwa pamoja, maana kikohozi hicho ni cha Hosidio, na Hosidio kalala jenezani.

Hiyo ndiyo kazi yake: kutangulia maiti, akitembea na kutania kama marehemu mwenyewe, watu wacheke huku wanalia. Hulipwa dinari nane kwa mazishi. "Na kuna miezi watu wa Subura wanakataa kabisa kufa," analalamika.

Sifa zake zimevuka mto Tiberi. Alipomwigiza Kaldo, mwoka mikate, mjane alimgombeza kwa kupoteza ufunguo wa ghala, na punda wa marehemu akamfuata hadi nyumbani. Yuko huko mpaka leo.

Kazi iliyomtoa jasho, hata hivyo, ni ya mtu hai. Wakati wa kuchuma zabibu aliitwa na huyu huyu Hosidio, muuza mafuta na mwenyekiti wa chama cha kuzikana kinachompa Eutiko kazi zake zote.

"Mganga kaniangalia, kakunja uso," alisema Hosidio. "Nataka nijione kabla hamjanizika, niigize karamuni kwangu. Na usinipake mafuta, hayo ninayo dukani."

Eutiko akamfuata kila alikokwenda, amsome. Hamamuni, sokoni, gengeni, Hosidio alikuwa na neno moja: kesho. Hata kwa binti yake Hosidia, aliyekosana naye tangu binti alipoolewa na dobi. "Kesho nitakwenda kumwona," husema.

"Maiti hawakasiriki," anasema Eutiko. "Huyu angenifukuza chamani nife njaa. Mke wangu aliniambia, 'Mwigize akigawa sadaka, tule.'"

Siku ya karamu ilipofika, wageni wakiwa wanakula, alijifunika sanda akajilaza. Kisha akainua kidole, kama Hosidio afanyavyo.

"Nyie wabebaji, mbio za nini? Njooni kesho. Mwanangu sijamwona bado."

Hakuna aliyecheka. Hosidio aliweka kikombe chini, akaagiza viatu vyake aende kwa binti yake.

"Na jua lote hili, bwana?" mtumishi akauliza.

"Kuna jua jingine nimeahidiwa?"

Aliishi mpaka baridi ilipoanza. Leo Hosidia anamsogelea Eutiko. "Lile neno la kesho liache, mzee. Kwetu hakulisema. Mwigize akimbeba mjukuu wake mgongoni."

Eutiko anapiga magoti katikati ya barabara, anakuwa farasi mzee mwenye kikohozi. Hosidia anacheka mpaka anashikwa mkono asianguke.

Na Eutiko mwenyewe ana mpango gani? Kloe, mkewe, anadakia: "Tangu tuoane ananiahidi kunipeleka mji wa Tibur kwa dada yangu. Akifa nitamwigiza mimi. Nitajilaza tu, watu watamjua."

Eutiko anavua kinyago, anajifuta jasho. "Funga mikate, mke wangu. Tukishazika, tunashika njia."

"Mikate iko mgongoni kwa punda tangu alfajiri," anajibu Kloe. "Nilijua ukishakuwa Hosidio utapata akili."