Mbio Mbili Kati ya Tatu

Wenzake walimwita Mchwa kwa udogo wa umbo lake na kwa jinsi alivyoimaliza milima. Miaka tisa alikuwa akipata riziki kwa mbio za baiskeli, na kila msimu ulipokwisha, kupanga mbio za mwaka unaofuata hakukumchukua zaidi ya muda wa kunywa kikombe cha chai. Safari hii siku nne zilipita, na karatasi aliyopewa na kocha ilikuwa bado nyeupe pe.

Mbio kubwa zilikuwa tatu: ile ya siku moja kwenye barabara za mawe, mwezi wa tatu; ile ya milimani, siku kumi mfululizo, mwezi wa sita; na ubingwa wa dunia, mwezi wa tisa.

"Chagua mbili," kocha alimwambia. "Mwili wako hauwezi kuwa moto mara tatu kwa mwaka. Nataka jibu Ijumaa, kabla ya saa sita mchana."

Tabu ilikuwa ile ya milimani. Katika msimu huo uliokwisha alikuwa akiongoza siku ya saba alipoteleza kwenye kona ya mteremko akavunjika mtulinga, mfupa wa begani. Mfupa uliunga. Lakini tangu hapo, barabara ikianza tu kuinama, vidole vilikimbilia breki bila kumwuliza mwenyewe.

Nyumbani hakukukalika. Aliandika "mawe" na "ubingwa" kwenye kalenda ya jikoni, akafuta. Akaandika "milima", akafuta tena, akatoka kwenda kupaka mafuta mnyororo ambao alikuwa ameupaka asubuhi.

"Kalenda imeanza kutoboka," mumewe, mwalimu wa hesabu, alimwambia. "Tununue nyingine, au unakata shauri?"

"Wewe ungechagua zipi?"

"Mimi? Hata ngazi za shuleni zinanitoa jasho, mke wangu."

Mchwa alicheka, akaichukua tena kalamu.

Ijumaa asubuhi alikwenda kwa baba yake, kinyozi. Siku ile ya ajali wateja walikuwa wamejaa dukani, macho yote kwenye televisheni. Binti yake alipoanguka, mzee aliizima, akamaliza kumnyoa mtu aliyekuwa kitini, ndipo akaingia chumba cha nyuma kulia. Mchwa aliyajua hayo kwa kuambiwa na wateja. Baba mwenyewe hakuyagusia kamwe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona unahangaika hivyo? Hebu kaa."

Akaketi kwenye kiti cha kunyolea, akamweleza yote. "Niambie nisiende milimani," akamalizia, "nami sitakwenda."

Baba alimtazama kupitia kioo huku akifuta kitana.

"Hapana, mwanangu. Nikikuzuia, mwaka mzima utanisalimia kwa mdomo tu. Nikikuhimiza, utapanda umenibeba mgongoni, na mimi mzito. Amua mwenyewe."

"Lakini unaogopa."

"Naogopa sana. Hiyo niachie mimi."

Saa tano na nusu, akiwa amesimama nje ya duka, alimpigia kocha. "Milima na ubingwa."

Kocha akauliza, "Na miteremko je?"

"Nitafunga breki."

"Watakupita."

"Wanipite. Nitawakamata tukianza kupanda."

Kocha alikubali shingo upande. Mchwa alidhani atashusha pumzi. Badala yake alizunguka mtaa mara tatu akiwaza zile barabara za mawe, mbio ambazo pengine angeshinda bila hofu yoyote.

Mwezi wa sita alikwenda. Kwenye kona ileile alifunga breki hadi gari la mafundi lililomfuata likapiga honi. Alipoteza sekunde arobaini pale, akazitafuta kwa meno kwenye mlima uliofuata, akapata nusu yake. Siku ya kumi alimaliza wa nne. Vidole vilikuwa vimekakamaa kwa kubana breki, vikashindwa kufungua chupa ya maji.

Kocha alimfungulia. "Wa nne! Kwa breki zile!"

Mchwa aliyanywa maji yote kwa mkupuo, amesimama, kisha akauliza zimebaki siku ngapi kufikia ubingwa.